Picha kubwa mtandaoni: Namna kivinjari kinavyozifungua na kuzikuza

MTU anapopiga picha kwa simu ya kawaida ya siku hizi, faili linalohifadhiwa huwa na uzito wa megabaiti tatu hadi tano. Faili hilo hilo likifunguliwa katika kivinjari cha intaneti huweza kugeuka kuwa mzigo wa megabaiti 48 ndani ya kumbukumbu ya simu, hata kama picha inayoonekana kiooni haizidi upana wa kiganja.

Tofauti hiyo kati ya uzito wa faili na uzito wa picha iliyofunguliwa ni chanzo cha matatizo mengi yanayowakuta wasomaji wa tovuti: ukurasa unaokwama, simu inayopata moto, picha inayotokea nusu, na kifurushi cha intaneti kinachokwisha kabla ya siku yake.

Tofauti hiyo pia ndiyo inayoamua iwapo ramani au waraka wa umma uliowekwa mtandaoni utafunguka kwa mwananchi mwenye simu ya bei nafuu, au utabaki kuwa mali ya wenye kompyuta kubwa.

Hesabu ya pikseli

Picha ya kidijitali ni jedwali la nukta ndogo za rangi ziitwazo pikseli. Kamera ya pikseli milioni 12 hutoa jedwali lenye pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo.

Kila pikseli, inapoandaliwa kwa ajili ya kuonyeshwa, huchukua baiti nne: moja ya rangi nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, na ya nne inayoeleza iwapo kilicho nyuma ya picha kionekane au kifichwe. Pikseli milioni 12 zikizidishwa kwa nne, ndipo zinapopatikana zile megabaiti 48.

Faili huwa dogo kwa sababu limebanwa. Mfumo wa JPEG, uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, huigawa picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane na kutupa tofauti ndogo ndogo za rangi ambazo jicho la mwanadamu halizitambui kwa urahisi. Kazi hiyo hupunguza uzito mara kumi au zaidi.

Hata hivyo, kioo hakiwezi kuonyesha picha ikiwa bado imebanwa, kama vile nguo isivyovaliwa ikiwa bado ndani ya robota la mitumba. Sharti ifunguliwe kwanza, na hapo ndipo kumbukumbu ya simu inapoelemewa.

Ni kwa sababu hiyo mafaili mawili yenye uzito mmoja yanaweza kuwa na mizigo tofauti kabisa. Karatasi nyeupe tupu ya pikseli 20,000 kwa 20,000, ikihifadhiwa kwa mfumo wa PNG, huwa faili dogo sana kwa kuwa hakuna cha kukumbuka zaidi ya weupe. Ikifunguliwa yote, hudai gigabaiti 1.6, kiasi ambacho ni zaidi ya nafasi iliyo huru katika simu nyingi.

Wataalamu wa usalama wa kompyuta huliita faili la namna hiyo bomu, na ni mojawapo ya sababu za vivinjari kuwekewa kikomo cha picha vinayokubali kuifungua.

Mipaka mingine imo ndani ya mifumo yenyewe. JPEG hairuhusu upande wowote wa picha uzidi pikseli 65,535, wakati WebP, mfumo ulioletwa na Google mwaka 2010, huishia pikseli 16,383. Picha inapovuka kikomo cha kivinjari, msomaji anaweza kukutana na ujumbe unaodai kuwa picha ina kasoro, ilhali faili ni zima na tatizo ni ukubwa tu.

Safari ya picha hadi kiooni

Picha kuonekana pamoja na maandishi katika ukurasa mmoja si jambo lililokuwapo tangu mwanzo wa mtandao. Februari 1993 Marc Andreessen, aliyekuwa akishiriki kutengeneza kivinjari cha Mosaic katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, alipendekeza alama ya kuingiza picha ndani ya ukurasa. Alama hiyo inatumika hadi leo.

Picha za wakati huo zilikuwa ndogo kwa lazima. Hata baadaye, kwa modemu ya simu ya mezani ya kilobiti 56 kwa sekunde, faili la megabaiti nne lingehitaji zaidi ya dakika tisa kufika, tena kama laini isingeyumba. Afrika Mashariki ilitegemea mno satelaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na nchi za nje hadi mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam.

Umaskini huo wa kasi ulizaa mbinu ambazo bado zinafaa. JPEG ya kawaida hujichora kutoka juu kwenda chini, kama pazia linaloteremshwa. Ile iliyohifadhiwa kwa hatua huanza na sura yenye ukungu ya picha nzima, kisha huzidi kung'aa kadiri data inavyoendelea kufika.

Uzito wa mafaili hayo mawili hautofautiani sana, ila msomaji mwenye mtandao wa kusuasua hutambua mapema kama picha anayoisubiri ndiyo anayoitaka, na akiona siyo huondoka kabla ya kuilipia yote.

Baada ya kufungua picha, kivinjari hulazimika kuipunguza. Kioo cha simu nyingi kina pikseli 1,080 kwa upana. Picha ya pikseli 4,000 ikipunguzwa ienee hapo hubaki na pikseli 1,080 kwa 810, yaani chini ya 900,000 kati ya zile milioni 12.

Kwa maneno mengine, msomaji amelipia pikseli karibu 14 ili aone moja, na hiyo moja ni wastani wa majirani zake. Wengi huamini kwamba picha inayoonekana ndogo ukurasani imekula data ndogo. Imani hiyo huwagharimu.

Vivinjari vya sasa vina ujanja wa kupunguza sehemu ya hasara hiyo. Kwa kuwa JPEG imejengwa kwa miraba ya nane kwa nane, programu inaweza kuifungua moja kwa moja kwa nusu, robo au thumuni ya ukubwa wake bila kulipitia jedwali zima. Kumbukumbu hupona, lakini data haiponi: faili lote limekwishapakuliwa.

Aidha, picha iliyokwisha kupita juu ya kioo msomaji anaposhuka ukurasani hutupwa kutoka katika kumbukumbu, likabaki lile faili lililobanwa. Akirudi juu, hufunguliwa upya. Yale mabaka matupu yanayojitokeza ghafla mtu anaposogeza ukurasa mrefu kwa haraka, kisha yakajaa, mara nyingi hayatokani na mtandao bali na kazi hiyo ya kufungua tena.

Dawa ya kweli iko mikononi mwa mwenye tovuti. Kuanzia mwaka 2014 vivinjari vikubwa vilianza kukubali orodha ya matoleo kadhaa ya picha moja, kila toleo likiwa na upana wake. Kivinjari hupima kioo, kikachagua toleo linalotosha na kuyaacha mengine huko huko kwenye seva. Mwenye tovuti asipoandaa matoleo hayo, kivinjari hakina pa kuchagua. Kitavuta faili zima hata kama kioo ni cha inchi tano.

Kabla ya hapo, watumiaji wengi wa simu walisaidiwa na Opera Mini, kivinjari kilichotolewa kwa dunia nzima mwaka 2006. Ukurasa ulipitia kwanza kwenye seva za kampuni hiyo, picha zikapunguzwa huko, na simu ikapokea kilichobaki. Kilikuwa kivinjari cha watu wenye akili ya kubana matumizi. Aliyejaribu kuikuza picha iliyopita huko, hata hivyo, aligundua upesi kwamba hapakuwa na cha kukuza.

Kukuza si kuongeza

Neno kukuza linabeba kazi tatu tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakowapotosha watu.

Ya kwanza ni picha iliyofunguliwa peke yake, bila maandishi. Internet Explorer 6, iliyotoka mwaka 2001, iliwazoesha wateja wa mikahawa ya intaneti jambo jipya: picha kubwa kuliko dirisha ilipunguzwa yenyewe ikaenea, na kitufe kidogo kikajitokeza pembeni kwa aliyetaka kuiona kwa ukubwa kamili.

Kivinjari hicho kilistaafishwa na Microsoft Juni 2022, lakini tabia hiyo iko pia katika Firefox na Chrome. Mshale wa kipanya ukiwekwa juu ya picha hugeuka kioo cha kukuzia, na kubofya mara moja huipeleka picha kwenye ukubwa wake halisi, ikianzia pale palipobofywa. Vivinjari hivyo pia huandika idadi ya pikseli katika kichwa cha dirisha, na hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kujua picha ina nini ndani yake kabla ya kuhangaika nayo.

Ya pili ni kukuza ukurasa mzima. Firefox ilikuwa ikikuza maandishi peke yake hadi toleo lake la tatu, lililotoka Juni 2008, lilipoanza kukuza na picha. Internet Explorer 7 ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Hapa maandishi hupangwa upya yasitoke nje ya dirisha.

Ya tatu ni ile ya vidole viwili, iliyoenezwa na simu ya iPhone kuanzia mwaka 2007. Hii haipangi chochote upya. Kivinjari hutanua kwanza kile kilichokwisha kuchorwa kiooni, ndiyo maana kila kitu huwa na ukungu kwa muda mfupi, kisha vidole vikitulia huchora tena kwa usahihi kwa kutumia pikseli ambazo picha inazo.

Kama inazo. Picha ikikuzwa hadi mara mbili ya ukubwa wake halisi, kila pikseli hutakiwa kujaza nafasi ya pikseli nne. Tatu kati ya hizo hazikupigwa na kamera yoyote. Kivinjari huzibuni kwa kuchanganya rangi za pikseli jirani, na matokeo yake ni ule ulaini wa ukungu unaofahamika. Watengenezaji wa tovuti wanaweza kukiamuru kivinjari kisichanganye rangi bali kiache miraba ionekane ilivyo, lakini ni wachache wanaofanya hivyo.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Picha ya hati ya kiwanja, stakabadhi ya malipo au namba ya gari iliyopigwa kwa mbali haiongezeki ushahidi kwa kukuzwa mara kumi. Anayeapa kwamba ameona tarakimu ya nane na siyo ya tatu ndani ya ukungu huo anasoma rangi zilizobuniwa na programu.

Hali huwa mbaya zaidi kwa waraka uliopitia WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa pikseli zake huwa zimekwisha kupunguzwa kabla ya kumfikia mpokeaji. Ukitumwa kama faili la waraka, haupunguzwi.

Kuna utata mwingine ulioingia mwaka 2010, iPhone 4 ilipoleta kioo chenye pikseli ndogo mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo. Maandishi yangekuwa madogo kupita kiasi kama kila kipimo kingehesabiwa kwa pikseli hizo, hivyo vivinjari vikaendelea kupima kurasa kwa pikseli ya kufikirika inayobeba pikseli halisi nne. Katika simu nyingi za sasa hubeba tisa.

Kutokana na hali hiyo, asilimia 100 haina tena maana moja: picha iliyojaa ukurasa vizuri kwenye kompyuta ya zamani huwa imekwisha kutanuliwa inapoonekana kwa asilimia hiyo hiyo kwenye kioo kipya.

Vigae

Mbinu zote hizo hufika mahali zikashindwa. Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lina picha ya dunia nzima, maarufu kwa jina la Blue Marble Next Generation, iliyotengenezwa kutokana na data za satelaiti za mwaka 2004. Ina pikseli 86,400 kwa upana na 43,200 kwa kimo. Ikifunguliwa yote ingehitaji karibu gigabaiti 15 za kumbukumbu.

NASA yenyewe huitoa ikiwa imekatwa vipande vinane vya pikseli 21,600 kwa 21,600, na hata kipande kimoja kinahitaji zaidi ya gigabaiti 1.8. Simu ya kawaida haina uwezo huo.

Suluhisho lilifahamika kwa umma Februari 2005, Google ilipoanzisha huduma yake ya ramani. Kivinjari hakikupewa ramani nzima, bali vigae.

Namna vinavyotengenezwa ni rahisi kueleza. Picha hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa kimo, ikapunguzwa tena nusu, na tena, hadi iwe ndogo ya kuingia katika kigae kimoja. Kila toleo kisha hukatwa miraba, mara nyingi ya pikseli 256 kwa 256.

Matoleo hayo yakipangwa moja juu ya jingine huunda piramidi: kileleni kigae kimoja chenye picha yote kwa muhtasari, na chini kabisa mamilioni ya vigae vyenye kila undani. Kwa kuwa kila tabaka lina robo tu ya pikseli za lililo chini yake, piramidi nzima huongeza uzito wa picha kwa theluthi moja peke yake.

Kivinjari huuliza maswali mawili: msomaji anatazama sehemu gani, na kwa ukubwa upi? Kikishajua, huomba vigae vya sehemu hiyo katika tabaka hilo, basi. Skrini ya kompyuta ya pikseli 1,920 kwa 1,080 hujazwa na vigae visivyozidi 54, iwe picha ina pikseli milioni moja au bilioni mia.

Mtu akikuza, vigae vya tabaka la juu hutanuliwa kwa muda vizibe nafasi, kisha vile vya chini vikifika huchukua mahali pake. Kila aliyewahi kutafuta mtaa kwenye ramani ya simu ameuona mchezo huo wa ukungu unaotakata.

Mfano mkubwa wa mbinu hii uko Amsterdam, Uholanzi. Januari 2022 jumba la makumbusho la Rijksmuseum lilitoa mtandaoni picha ya mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642 unaofahamika kama Zamu ya Usiku. Picha hiyo ina pikseli bilioni 717: 925,000 kwa upana na 775,000 kwa kimo.

Iliunganishwa kutokana na picha 8,439 zilizopigwa kwa kamera ya pikseli milioni 100, na faili lake lina uzito wa terabaiti 5.6. Umbali kati ya pikseli moja na nyingine juu ya turubai ni milimita 0.005, kiasi kwamba nyufa za rangi zisizoonekana kwa macho hutokea kama mito.

Kwa vigae vya pikseli 256, tabaka la chini la picha hiyo lingekuwa na vigae karibu milioni 11. Hata hivyo, mwenye simu huikuza kutoka sura ya askari hadi chembe ya rangi iliyo jichoni mwake bila simu kukwama, kwa kuwa kwa wakati wowote ule haibebi zaidi ya vigae vichache.

Karibu na nyumbani, mfano uko Zanzibar. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, ukiihusisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Picha zake zina undani wa sentimita saba kwa pikseli; paa la bati, mti wa mnazi na njia ya miguu huonekana waziwazi.

Hesabu yake inatisha. Kilomita moja tu ya mraba kwa undani huo ni pikseli milioni 204, nazo zikifunguliwa ni zaidi ya megabaiti 800. Unguja ina zaidi ya kilomita za mraba 1,500, hivyo kisiwa chote ni pikseli zaidi ya bilioni 300.

Picha ya namna hiyo ikiwekwa mtandaoni kama faili la kupakua, inakuwa wazi kwa jina tu. Mkazi wa shehia anayetaka kuona mpaka wa shamba lake au njia ya maji ya mvua inayopita nyuma ya nyumba yake hataipakua kwa kifurushi cha siku, na hata akiipakua simu yake haitaifungua. Ikiwekwa kwa vigae, anafika kwenye paa lake kwa data ambayo mara nyingi haizidi megabaiti chache.

Picha za mradi huo, pamoja na zile za mradi wa Ramani Huria wa kuchora maeneo ya mafuriko jijini Dar es Salaam, zimewekwa kwenye OpenAerialMap, hazina ya wazi ya picha za angani.

Mbinu ya vigae nayo ina dosari zake. Mtandao ukikatika, kinachobaki ni miraba mitupu. Anayejaribu kuihifadhi picha kutoka ukurasani hupata kigae kimoja au hapati kitu. Na mtumiaji anayehangaika kukuza na kupunguza kwa nusu saa anaweza kula data nyingi kuliko alivyotarajia, kwa kuwa kila tabaka lina vigae vyake.

Kwa mwenye picha, tatizo la zamani lilikuwa kuhifadhi mamilioni ya mafaili madogo madogo kwenye seva. Siku hizi picha nyingi za angani huhifadhiwa kama faili moja ambalo ndani yake limekwisha kupangwa kwa vigae na matabaka, likiwa na faharasa mwanzoni. Programu husoma faharasa hiyo kwanza, ikajua kigae kinachotakiwa kimeanzia baiti ya ngapi na kinaishia ya ngapi, kisha huiomba seva ikate kipande hicho peke yake na kukituma.